Kafara ya Chenge

Mume wangu Chenge, fundi wa injini za mitumbwi pale Kirumba, alisilimu akiwa mtu mzima, lakini ukali wa kuapa alikuja nao kutoka kwao Ukerewe. Akishasema wallahi, basi tena, hata umpigie magoti.

Mwaka ule viwanda vya minofu ya samaki vilipozuka Mwanza na kila mtu akapagawa na sangara, mdogo wake Obedi aliuza mtumbwi wa marehemu baba yao bila kumwambia. Chenge akaapa mbele ya ukoo: "Wallahi, sikanyagi tena nyumba ya Obedi!" Na mama yao alikuwa anaishi humo humo, Nansio, kule kwao Ukerewe.

Miaka ikapita. Siku moja tukaletewa habari kwamba mama anaumwa sana, anamwita. Chenge chakula kikamshinda, usingizi ukamshinda, na kwenda hakwenda.

"Kiapo kinaua," akaniambia. "Nikikivunja kitampata mama, au wewe."

Hee! Nikamjia juu. "Hayo ni ya viapo vya babu zako! Wewe uliapa kwa Mungu, twende ukaulize kwa Mungu!" Nikamburuta hadi kwa Shehe Kitwana, imamu wetu.

Shehe akamsikiliza mpaka mwisho. "Mzee Chenge, nani kakwambia Mungu anataka jina lake likuzuie usimuone mama yako? Mtume katufundisha: ukiapa, kisha ukaona jingine lililo bora, fanya lililo bora, na kiapo ukitolee kafara. Lisha maskini kumi. Ukiwa huna uwezo, ndipo ufunge siku tatu."

"Na hakuna atakayekufa?"

"Tutakufa wote, mzee, ila si kwa hilo."

Mungu ambariki shehe yule popote alipo. Kesho yake tulipanda meli. Obedi alitupokea mlangoni, akanipokea mkoba. Mama alikuwa hai! Amekonda, lakini hai. Chenge alisema "Shikamoo, mama," akaangua kilio, na mimi namshukuru Mungu hadi leo kwa machozi yale.

Mama alipopata nafuu, tukapika wali na sato uani kwa Obedi, tukaita maskini kumi tuliotafutiwa na msikiti wa pale. Tunaanza kupakua, mara mama huyo, na fimbo yake, akaja kuketi mwisho wa mkeka.

"Na mimi nihesabuni," akasema. "Nina mtoto, na nimekaa miaka kama sina. Kuna maskini kunizidi?"

Chenge akamshika mkono, akamwinua taratibu.

"Hapana, mama. Hiki si chako. Shehe kaniambia kafara hapewi mzazi, maana kukulisha wewe ni wajibu wangu, niape nisiape."

Mama akaketi kwenye kigoda pembeni.

"Haya," akasema. "Nilishe basi."