Mama Kivuli Agoma Kufuta Picha Kimyakimya

Saa nne asubuhi, chumba cha habari kimejaa milio ya simu, lakini Mama Kivuli hana habari nayo. Ameinamia kompyuta, pua nusura iguse kioo, anakuza picha ya muuza mafuta ya taa. Pichani mwanamume huyo ameshika dumu, anacheka, na nyuma yake soko linateketea.

"Tazama shavu lake," anasema. "Jua la mchana limelipiga. Soko liliungua usiku. Hilo jua alilitoa wapi, mfukoni?"

Kazi yake ni kukagua picha za matukio makubwa kabla gazeti halijazichapisha. Kwa kila picha yeye huanza na vivuli, ndiyo maana wenzake wakambatiza jina hilo. Hii hakuonyeshwa. Ilikuwa inasambaa mitandaoni, wakubwa wakaogopa kupitwa, wakaitandaza ukurasa wa mbele.

Watu wenye hasira, wakiamini ndiye aliyelichoma soko, wakavunja duka la muuza mafuta. Sasa amejificha kwa dada yake, hathubutu hata kutoka uani.

Dada huyo ndiye aliyemletea Mama Kivuli picha halisi, aliyoipiga siku kaka yake alipofungua duka. Dumu lile lile, kicheko kile kile. Moto haupo.

Mhariri anataka picha ifutwe kimyakimya kwenye tovuti ya gazeti, yaishe. "Bibie, tusijivue nguo mbele za watu," anambembeleza.

"Bosi, mmemchafua ukurasa wa mbele, mnataka kumsafisha uchochoroni?" anajibu. "Sifuti. Msiposahihisha pale pale, nitaeleza mwenyewe, kwa jina langu. Kazi mchukue."

Si kwamba hana cha kupoteza. Mumewe yuko nyumbani tangu kiwanda kifungwe, na watoto watatu wanasoma kwa mshahara huu. Hata nyumbani hapumui. Shemeji yake, aliyeirusha picha hiyo kwenye kundi la familia, amemlaumu kwa kutetea mchomaji.

"Alinikera!" anasema. "Nikamwambia, shemeji, uliisambaza umekaa kwenye kochi langu, unakunywa chai yangu. Leo unanifundisha kazi?"

Saa kumi jioni mhariri anarudi na ukurasa wa mbele wa kesho. Picha mbili zimepangwa ubavu kwa ubavu, chini yake neno moja kubwa: Tulikosea. Anauweka mezani na kuondoka.

Mama Kivuli anampigia dada mtu. "Mwambie kaka asubuhi aende akaanze kulijenga duka lake. Nitakuwa naye, gazeti mkononi. Mwenye jiwe aanze na mimi."