Kijani Ndani ya Chupa ya Dawa

Siku yangu ya kwanza maabarani nilikaripiwa kabla sijamaliza kufunga vifungo vya koti. Msimamizi wa maabara, mwanamume mfupi tuliyemwita Chifu, alinisukumia kisahani cha kuoteshea bakteria akasema, "Nusa." Nikanusa. Kilikuwa na harufu tamu ya zabibu zilizoiva, na chakula cha bakteria kilichokuwa ndani kilikuwa kimegeuka kijani chote. Nikasema kinanukia vizuri.

"Inanukia vizuri!" akafoka. "Hii kitu inaua watu wodini na wewe unaniambia inanukia vizuri!"

Vijana wa leo mmekatazwa kunusa visahani, na ni heri, maana mapafu hayana spea. Lakini mimi Pseudomonas, bakteria yule wa kisahani, nilimjua kwanza kwa pua. Jina lilitushinda ulimi, tukambandika lingine: Kijani.

Niwaeleze tabia zake, la sivyo hamtaelewa hasira yangu. Kijani ni bakteria nyemelezi. Mtu mwenye afya hamfanyi kitu; anamngoja aliyeungua, aliyepasuliwa, aliyechoshwa na maradhi. Ngozi ikifunguka tu, yeye huyo ndani. Ana mkia wa kuogelea. Hachachushi sukari kama bakteria wengi wa tumboni. Huitumia kwa msaada wa oksijeni. Ukimpaka kwenye karatasi ya kipimo cha oksidesi, kimeng'enya alicho nacho, karatasi inageuka zambarau papo hapo. Joto linalowashinda wenzake yeye hulivumilia, na kwa chakula hana makuu: maji ya sinki yanamtosha. Akishapata makao hujifunika ute, na dawa nyingi haziupenyi ute huo. Zipo hata dawa za kuua vijidudu ambazo, zikizimuliwa kupita kiasi, Kijani huishi ndani yake na kuzaana. Isomeni tena sentensi hiyo kabla hamjaendelea.

Chifu alipostaafu nilihamishiwa hospitali moja kubwa pale Upper Hill, ambayo siitaji jina. Kazi yangu ilikuwa kupima sampuli za wodi ya watoto walioungua. Wodi hiyo ilikuwa na sheria: hakuna mzazi kumgusa mtoto kabla hajanawa kwa dawa nyekundu iliyokuwa kwenye chupa mlangoni. Ilikuwa pia na mazoea ambayo hakuna aliyeyaona kuwa mazoea, kwa kuwa kila mtu aliyafanya. Dawa ikipungua, ilizimuliwa kwa maji ya mfereji ikamiminwa juu ya iliyobaki. Chupa yenyewe haikumalizwa, haikuoshwa, haikukaushwa. Iliongezwa tu, kama mchuzi unavyoongezwa maji wageni wakizidi.

Hapo ndipo nilipomwona Mama Nekesa. Alikuwa akiishi kwenye ploti, vyumba vya kupanga vya Riruta, na kufulia matajiri nguo Karen. Binti yake Nekesa alikuwa amemwagikiwa na sufuria ya chai, akaungua kifua na mkono. Mama alifika asubuhi kabla ya kazi, akarudi jioni mikono ingali na makunyanzi ya maji ya kufua. Kila mara alisimama kwenye chupa ile akanawa kwa makini, midomo ikisali.

Kisha bandeji zikaanza kuwa za kijani. Kwanza mtoto mmoja, halafu wengine, halafu Nekesa. Sista aliyesimamia wodi hakungoja maabara.

"Hawa wamama wanatoka huko kwa maploti na mikono chafu," alisema mbele yangu. "Huyu wa Riruta ndiye anashika mtoto sana. Akae nje."

Akawekwa nje. Mtoto alikuwa akimlilia, na yeye alisimama upande wa pili wa kioo akipunga mkono, akitabasamu kwa nguvu ili mtoto asione machozi. Nilipima vitanda, sinki na mikono ya wahudumu, na sista kwa haki yake alinyoosha yake bila kinyongo. Chifu alikuwa ametufundisha, "Anzia pale kila mtu anaamini." Nikapima na chupa ya dawa.

Nekesa alifariki mama yake akiwa bado nyuma ya kioo. Kesho yake nilifungua kisahani cha sampuli ya chupa, na harufu ya zabibu ikanijia usoni.

Nilikipeleka kwa Daktari Msimamizi wa hospitali. Hakubisha, wala hakuwa mjinga. Alielewa kabla sijamaliza kueleza, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

"Chupa zote zitupwe leo leo," alisema. "Kuanzia sasa hakuna kujazia. Ikiisha, imeisha."

"Na yule mama, daktari? Aliambiwa ni mikono yake."

"Huyo mama niachie. I'll talk to her myself. Lakini hii maneno isitoke hapa ofisini."

Chupa zilitupwa. Kijani akakoma. Baadaye Daktari Msimamizi alisifiwa mkutanoni kwa utaratibu wake mpya, tukapiga makofi, na mimi nikapiga pia, nikiamini moyoni kwamba mama wa watu alishaambiwa ukweli. Nikahamia hospitali ya kulipia Karen, yenye masinki yanayong'aa. Kijani nilimkuta huko pia. Hakuwa na habari na ploti wala bangalo.

Sasa nimestaafu, naishi Riruta. Majuzi akina mama wa kanisa tulikwenda kuona mtoto mchanga. Bibi yake alitukaribisha vizuri, lakini mtoto akipitishwa kwake alirudi nyuma, mikono mgongoni.

"Mathe hashikangi mtoto," mkaza mwanawe alinong'ona. "Hata ule wa kwanza hakuwahi mshika."

Nikamtazama tena yule bibi. Alikuwa Mama Nekesa. Nilimvuta jikoni, nikamkumbusha kuwa mimi ni yule wa maabara mwenye koti jeupe, nikamuuliza kwa nini hamshiki mtoto.

"Daktari, si unajua? Hii mikono ndio iliua Nekesa. Sista aliniambia."

"Na yule daktari mkubwa hakuja kukwambia kitu?"

"Nani? Hakuna mtu alikuja."

Nilimweleza yote, nimesimama kati ya sufuria, sauti ikinipanda mpaka waliokuwa sebuleni wakasikia. Si mikono yako. Ni chupa yao. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ile dawa ya kwa mlango?" akauliza. "Lakini mimi ndio nilikuwa naosha nayo sana. Wengine walikuwa wanapaka kidogo. Mimi nilikuwa naosha mpaka kwa kiwiko."

Ninyi mnaoingia maabarani, jifunzeni rangi, harufu na vipimo vyote vya Kijani, ila msimchukie. Hana mdomo wa kumwambia mtu pole. Daktari Msimamizi alikuwa nao, akautumia kupokea sifa.

Mama Nekesa alitazama mfereji. "Sabuni ya kawaida, hii ya kipande, inatosha?"

"Inatosha, mama."

Alinawa, akajifuta kwa leso, akarudi sebuleni akakaa. Kisha akamnyooshea mkaza mwanawe mikono yote miwili.

"Haya," akasema. "Nileteeni."