Kamera Aliyoiona Shemeji

Dada yangu alikimbia kipigo cha mumewe kule Lamadi, akaja kwangu Bariadi na begi moja. Baada ya wiki mbili mume akaja na wazee kuomba msamaha. Dada akakataa kurudi. Tukiwa tunasubiri ugali, shemeji aliniomba nywila ya waifai, nami nikampa. Sikufikiria kwamba kamera ya uani ilitumia mtandao huohuo, tena haikuwa na nywila yake. Aliiunganisha na simu yake palepale sebuleni kwangu.

Jumatatu asubuhi, akiwa amejificha nje ya ukuta, aliniona kwenye simu nikienda kazini. Akaruka ukuta na fimbo ya kuchungia ng'ombe.

Jirani alinipigia akilia. "Rudi, anamuua!"

Nilimkuta dada chini, mkono umevunjika, uso hautambuliki. Shemeji bado alikuwa anapiga. Nilimshindilia mpini wa jembe mgongoni. Akageuka, akaning'oa meno mawili kwa ngumi. Majirani ndio waliomwangusha na kumfunga kamba. Simu yake ilidondoka kando, na kwenye kioo nikajiona mwenyewe nimesimama uani, mdomo umejaa damu.

Fundi wa kamera alikuja baada ya polisi kumchukua shemeji. "Kaka, kamera ikae kwenye mtandao wake peke yake," alisema. "Simu zenu mtandao wenu. Mgeni mpe wa wageni, asione kitu kingine humu ndani."

Nywila ya kamera aliiweka dada, akiandika kwa mkono mmoja. Sijawahi kumuuliza ni ipi.