Koti la Ombati na Jongoo wa Jiwe

Mimi ni mzee sasa, na sina faida yoyote ya kudanganya. Haya niliyaona kwa macho yangu, jikoni kwangu Mosocho, jioni ya mvua, maharagwe yakiwa motoni. Wajukuu wangu wakisikia hucheka. Wacheke. Nimechoka kubishana nao, ndiyo sababu naandika. Anayetaka kuamini aamini, asiyetaka aendelee na shughuli zake.

Mume wangu Nyakundi alirudi kutoka vita vya Burma bila jeraha. Kazi yake huko haikuwa bunduki, ilikuwa kuvunja mawe ya barabara. Alirudi na blanketi na mkebe wa biskuti. Mama mkwe wangu Nyanchama aliufungua akitafuta biskuti, akaufunga haraka, maana ndani mlikuwa na mawe, na kila jiwe lina mdudu.

Si mdudu wa kuchongwa. Mzungu aliyewasimamia huko alikuwa akiwakusanya, akawafundisha vijana wake kuwatambua. Aliwaambia walikuwa viumbe wa baharini, zamani sana, wakafukiwa na matope, na matope yakageuka jiwe. Akawaita trilobaiti. Mimi niliwaita majongoo, kwa sababu ya zile pingili. Mgongo umegawanyika mara tatu kwa urefu, macho yapo, hata vitone vya macho unaviona ukisogeza karibu.

Basi kila Jumapili baada ya kanisa Nyakundi alikaa barazani na ungo wangu na sindano yangu ya kushonea, akiwachokoa uchafu. Wenye macho makubwa huku, wasio na macho kule, wenye miiba mkiani pembeni. Jirani yetu Bosibori alikuwa akipita anauliza, "Nyakundi, leo utawakaanga au utawachemsha?" Na mimi nasubiri ungo nipepete wimbi. Niamini, mke wa mtu kama huyo huchoka kabla ya uzee.

Siku moja alinionyesha jambo. "Wengi wa hawa si wadudu wenyewe, Mama Nyaboke," aliniambia. "Ni nguo walizovua." Akanieleza kwamba mdudu akikua ngozi humbana, basi huipasua kichwani, kwenye mashavu, akatoka akaiacha. Ukikuta mashavu yameachana na kichwa, hiyo ni nguo tu. Ukikuta kichwa kizima, na mdudu amejikunja kama jongoo aliyeguswa, huyo ni mwenyewe. Alikufa humo.

Mwenyewe alikuwa mmoja tu katika mkebe wote. Aliyemwokota ni Ombati, mtu wa Nyamira, rafiki ya Nyakundi huko vitani. Ombati huyo nyundo ilimponda kidole gumba hata ukucha haukuota tena. Asubuhi alimpata yule jongoo, akampa Nyakundi amshikie. Mchana mlima ukaporomoka juu ya Ombati. Hawakuweza kumtoa.

Mama yake, Mong'ina Kerubo, alikaa miaka bila kumzika. Kila jioni alifunika sahani ya ugali wa wimbi na kuacha mlango bila komeo, maana mtu ambaye hajazikwa bado yuko njiani. Mwishowe wazee wa nyumba yake wakakubaliana kwamba kitu chochote kutoka mlima ule kikizikwa kwa jina lake kitatosha. Akatembea kwa miguu kutoka Nyamira, akaketi barazani kwetu, akaomba.

Nyakundi alimpa jiwe kubwa kuliko yote, zuri, pingili zote zikionekana. Mong'ina Kerubo alilifunga katika leso yake kama mtoto. Alipoondoka nikamwambia mume wangu, "Lakini mashavu hayapo. Ile ni nguo."

"Ni jiwe," akasema. "Mama wa watu atajua nini? Yule mwingine Ombati aliniachia mimi."

Akamtia yule aliyejikunja katika mfuko wa koti lake la kanisani.

Wakazika. Lakini habari zikatufikia kwamba Mong'ina Kerubo bado anaacha mlango wazi, na sasa yeye mwenyewe hali kabisa. Sahani anaifunika, anaitazama mpaka asubuhi. Watu wa kwake walishaanza kumhesabu pamoja na waliokwenda.

Sasa hiyo jioni. Nyakundi alikuwa amepeleka ndizi sokoni Keumbu. Mvua ya mawe ilishuka, ile inayopasua majani ya migomba, na mtu akasimama mlangoni pa jikoni. Amevaa koti la jeshi, vifungo vimefungwa mpaka kidevuni. Nikamkaribisha, kwani nani humwacha mtu kwenye mvua ile? Akaketi kwenye kigoda. Ndipo nikaona koti lina vumbi. Vumbi, jama, na nje maji yanatiririka!

Alinisalimu kwa Kikisii, taratibu, kama mtu aliyetembea mbali mno. Halafu akasema, "Shemeji, niletee ule mkebe."

Sikumuuliza aliujuaje. Nilimpa, na ungo nikampa. Akawa anawatoa mmoja mmoja, anamgeuza, anamtazama kichwani. "Nguo," anasema. Anamweka. "Nguo." Mwingine, "Nguo." Hakukosea hata mmoja. Nilikuwa nakitazama kidole chake gumba. Hakikuwa na ukucha.

Mkebe ulipokwisha akauliza mwenyewe yuko wapi. Nikaonyesha koti la kanisani lililotundikwa ukutani. Yeye hakuinuka kulichukua.

"Mama amezika nguo, shemeji," akasema. "Nami nimechoka kusimama mlangoni."

Maharagwe yakafurika, moto ukalia, nikageuka kuyashusha. Nilipotazama tena, koti la jeshi lilikuwa limeketi kwenye kigoda peke yake. Wima, mikono magotini, vifungo vyote vimefungwa, na ndani hamna mtu. Kisha likalegea polepole, likaanguka. Kola ilikuwa imechanika pande mbili, kulia na kushoto.

Nyakundi aliporudi hakuniuliza kama nina homa. Aliiona kola, akaketi chini palepale, na matope yake miguuni.

Kesho yake tulikwenda Nyamira kwa miguu, yeye na jongoo, mimi na koti. Mong'ina Kerubo alilinusa lile koti, akachukua jembe mwenyewe. Akalifukua lile jiwe kubwa, akamzika yule aliyejikunja. Hakumtukana mume wangu. Alimrudishia jiwe tu mkononi, akamwambia, "Nguo yako hii." Jioni hiyo alikunywa uji, akatia komeo mlangoni, akalala amejifunika lile koti. Aliishi miaka mingi baadaye.

Na sisi? Nyakundi hakuufungua mkebe tena. Lakini tangu siku hiyo alilala amejikunja, magoti kidevuni. Ukimnyoosha anarudi. Miaka yote ile nililala pembeni ya mtu aliyejifunga kama ngumi, nikimfunika. Alipokufa ndugu zake walishindwa kumnyoosha, ikabidi kaburi lichimbwe pana.

Mkebe ninao, chini ya kitanda. Mjukuu wangu Momanyi anautaka awaonyeshe wenzake. Nimemwambia achukue, zilizomo ni nguo tu, hazina mwenyewe. Ila nawe unayesoma, ukiokota kitu cha namna hiyo, mtoni au kwenye kokoto za barabara, kigeuze kwanza umtazame kichwani. Ukikuta mashavu yapo na amejikunja, usimtie mfukoni. Mrudishe chini ulipomtoa, umfunike vizuri.