Daftari la Vipimo

Shangazi yangu alikata uzi kwa meno. Alikuwa na mikasi mitano, lakini mshono ukifika mwisho aliinama na kuung'ata. Wateja walimwambia atabaki kibogoyo. "Yafanye kazi gani tena haya meno," alijibu, "na nyama yenyewe imepanda bei?" Alifanya hivyo tangu nikiwa mtoto mpaka nilipofika miaka arobaini na mbili, na hakuna jino lililomtoka.

Alishona nguo za wanawake katika chumba kimoja kilichotazama barabara. Mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, pazia la kona ya kupimia, na daftari lenye jalada gumu la bluu. Ndani ya daftari mlikuwa na vipimo vya miaka kumi na tisa: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Majina hayakuwamo. Zamani mteja mmoja alilifunua wakati akisubiri, akasoma kiuno cha jirani yake, na kufikia jioni mtaa mzima ulikijua. Tangu siku hiyo shangazi alimpa kila mwanamke jina la daftarini, analolijua yeye peke yake. Palikuwa na Jenerali, Kamati Kuu, Kijiti, Sina Haraka. Nilipomuuliza nani ni nani, alinitazama kana kwamba nimemwomba funguo za nyumba ya mtu.

Mwaka ule wauguzi waligoma, wakaandamana na mabango ya kitambaa yaliyopigwa pindo vizuri. Mtu mmoja huko juu akaamua kwamba aliyepiga pindo lile anawajua viongozi wao. Polisi wakaanza kupita kwa mafundi cherehani, chumba kwa chumba.

Walipofika kwa shangazi nilikuwa nyuma ya pazia, nikijaribu gauni. Walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa na sauti ya upole.

"Mama, za asubuhi? Tunapita kukagua kidogo."

"Mnakagua nini, baba?"

"Tutajua tukikiona."

Nilitoka nimevaa mkono mmoja wa gauni, ule mwingine umeshikwa na pini. Mimi ni mwalimu wa uraia. Kila mwaka naandika ubaoni kwamba nyumba ya mtu, mwili wake na maandishi yake havipekuliwi bila hati inayotaja kinachotafutwa. Nikayasema hayo hayo, nikaomba kuiona hati.

"Wewe nani?" afande aliniuliza.

"Mwalimu wa uraia."

"Ahaa. Basi mwalimu, katiba tunayo kituoni. Njoo uisome, kuna na feni."

Wenzake wakacheka. Wakafungua majora, wakamwaga kopo la vifungo, wakapapasa pindo za nguo za watu. Halafu afande akalifungua daftari, na uso wake ukabadilika.

"Jenerali," alisoma. "Arobaini na nne, thelathini na nane, hamsini. Mama, huyu Jenerali ni nani?"

"Mteja."

"Jenerali wa jeshi gani?"

"Wa nyumbani kwake. Muulize mumewe."

"Na Kamati Kuu?"

"Mteja."

"Kamati nzima mteja mmoja?"

"Ungemwona, baba, ungeelewa."

Askari mmoja kijana aliangua kicheko, akatazamwa, akanyamaza.

"Haya, majina yao halisi ni yapi?"

"Hayo hayaandikwi. Ndiyo maana humo hayamo."

Afande akalitia daftari kwenye bahasha ya kaki na kuondoka nalo. Hakuacha risiti, hakuacha hata jina lake.

Tulikwenda kituoni mara kumi na moja. Kila mara askari mwenye jalada la kesi alikuwa ametoka, yuko kikaoni, au yuko likizo. Niliandika barua tano, nikataja ibara na kifungu, na zote zikagongwa muhuri wa "Imepokelewa". Wakili wa msaada wa kisheria alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia haki ni yetu kabisa, shida ni kwamba wa kuitekeleza ndio hao waliolichukua daftari. Nilirudi darasani nikashika chaki, na nilipofika kwenye mada ile niliwaambia wanafunzi waruke ukurasa.

Safari ya tisa afande alitoka mwenyewe. "Mama, mbona jambo jepesi? Taja majina, uondoke nalo leo leo."

Shangazi akamuaga kwa heshima, akageuka. Nilimfuata hadi nje ya geti. Nilikuwa nimechoka, na jua lilikuwa kali.

"Shangazi, wape tu. Si siri ya serikali. Ni vipimo tu."

"Vipimo tu vya nani? Vyako?"

"Vya watu, lakini..."

"Basi mimi nitatoaje kitu cha watu? Wewe uliyesoma niambie."



Wateja wakati huo wote alikuwa akiwapima upya, kwenye vipande vya karatasi. Ng'ambo ya barabara, kwa fundi viatu, akaanza kuketi mwanamume mmoja mwenye gazeti. Alikuja asubuhi mwanamke wa kwanza anapoingia, akaondoka wa mwisho anapotoka, na simu yake ilisimama wima juu ya goti, kamera ikitazama mlango wetu.

"Yule gazeti lake halifunui ukurasa," shangazi alisema. "Au hajui kusoma, au amefiwa na mtu humo ndani."

Alicheka, lakini siku ile alishusha pazia la dirishani, na tangu hapo akashona kwa taa mchana kutwa.

Mwezi wa nane daftari likarudishwa. Lililetwa na yule askari kijana, ambaye hakututazama usoni. Shangazi alilipangusa vumbi, akafungua. Pembeni ya kila jina lake palikuwa na jingine, kwa kalamu nyekundu: jina halisi, namba ya simu, nyumba anayokaa, kazi ya mume. Jenerali, sahihi. Kijiti, sahihi. Hawakukosea hata mmoja.

Nilijitafuta. Sikuwahi kujua jina langu la daftarini. Lilikuwa Mvua ya Jioni. Mbele yake palikuwa na jina langu kamili, shule ninayofundisha, na maneno mawili: "Anaandika barua."

Shangazi alisoma ukurasa baada ya ukurasa, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akafunga duka, akajitanda, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Nilimsihi asiende. Alikwenda siku nne. Kila mlango aliomba radhi, akasema, "Vipimo vyako nilivitunza, wengine wamevisoma. Na jina lako wanalo." Jenerali alimwambia, "Basi wanishonee wao hao polisi, tuone kama watapatia mabega." Wengine walimkaribisha wakamliwaza. Mmoja, ambaye mumewe hakujua kwamba hutoka nyumbani kwenda kushonewa, alimsikiliza kupitia upenyo wa mlango, akaufunga polepole. Huyo ndiye shangazi aliyemtaja mara nyingi baadaye.

Daftari alilichoma ndani ya pasi ya mkaa, ukurasa mmoja mmoja, akinyooshea sare za shule. Hakununua jingine. Alipima, akakariri, na kichwa cha miaka sabini na mbili hakikumtii. Magauni yakaanza kubana hapa, kuning'inia pale. Wateja wakaona haya kumwambia, wakahamia kwa mafundi wengine kimya kimya.

Nilimwandikia mkuu wa kituo barua ya sita, nikauliza yale majina mekundu yameandikwa pia kwenye daftari gani lao. Muhuri ukagongwa. Jibu sijalipata.

Mara ya mwisho nilikwenda kwake na kitambaa cha kijivu, zaidi kwa kutaka apate cha kushona. Alinipima taratibu, akaandika namba kwenye kipande cha karatasi ya sigara, akakata kitambaa palepale huku ameikodolea macho. Alipomaliza aliikunja mara mbili, akanitia mkononi. Wiki tatu baadaye nilipigiwa simu kwamba amelala hakuamka.

Siku ile ya kunipima nilidhani amesahau, nikamrudishia ile karatasi aiweke. Aliusukuma mkono wangu.

"Kaa navyo mwenyewe, mwanangu. Kwangu siku hizi hapawekeki kitu cha mtu."