Kamba ya Kwenye Gemu Iliyomfunga Shangazi Yangu

Kosa ni langu. Nimezunguka nalo miezi mingi nikitafuta mtu wa kugawana naye, na sijampata. Mimi ni nesi katika hospitali moja hapa Garissa, nina miaka thelathini na moja, na nilimdanganya dada yangu mdogo kuhusu matibabu kwa sababu gemu ilikuwa inanishinda.

Ndiyo, gemu. Ya simu. Cheka kwanza, mimi nitangoja.

Dada huyo nitamwita Hodan. Alisomea kompyuta, akarudi nyumbani kwetu mtaa wa Iftin, na kwa mwaka mzima amekuwa akitengeneza gemu yake mwenyewe. Ndani yake kuna mama mfugaji anayetoka Elwak na mbuzi ishirini, wakati wa kiangazi, na anatakiwa kufika Garissa kwa miguu. Hakuna bunduki wala majini. Adui zake ni kiu, jua, miiba, nyoka, na miguu yake mwenyewe inayochoka.

Hodan hapendi zile gemu ambazo mtu anaanguka kutoka ghorofani, anapigwa risasi tatu, halafu anaokota kisanduku cha dawa na kuondoka mbio. Aliniambia kwamba yeye akiteleza tu bafuni analala siku mbili. Kwa hiyo katika gemu yake hakuna ule mstari wa kijani wa kukuonyesha uhai uliobaki. Unamtazama mama anavyochechemea, unasikiliza pumzi yake, unajua hali. Akinywa maji machafu anaharisha, na akivunjika mguu analala wiki sita. Mbuzi nao, wakati wewe umelala, wanapotea mmoja mmoja.

Mimi nimecheza gemu tangu shule ya upili na nilijiona bingwa. Hodan alipowapa ya majaribio watu kama kumi hivi, ndugu na marafiki, nilitangaza kazini na nyumbani kwamba nitafika Garissa kabla ya wote.

Sikufika. Kila nikikaribia Modogashe, nyoka ananiuma. Sheria ya Hodan ilikuwa moja: ukiumwa, kaa, usitembeze mguu, tuma mtu, ubebwe upelekwe hospitali, usubiri. Safari inasimama kwa siku nyingi na mbuzi wanapungua. Mimi sina subira hiyo. Nilikuwa nikiumwa naendelea kutembea, sumu inapanda, mama anaanguka. Nilimuua mama yule mara tisa pale pale!

Binamu yangu Bishar, dereva wa bauza ya maji, mtu ambaye hajawahi kucheza gemu maishani, alifika Garissa na mbuzi kumi na wanne. Siku ya chakula cha familia akauliza mbele ya watu wote kama nesi wa nyumba hii hahitaji nesi wake. Hata mama yangu alicheka.

Nikamwendea Hodan. Nikamwambia gemu yake ni ngumu mno, hakuna mtu atakayeicheza, kila mtu atachoka pale Modogashe. Alikataa bila hata kuinua kichwa.

"Ugumu si shida yangu," alisema. "Shida yangu ni uongo. Wewe ndiye nesi. Niambie kitu kimoja tu: ni kweli au si kweli?"

Hapo ndipo nilipoona mlango, nikaingia. Nilimwambia kuna njia ya haraka ambayo hakuijua. Unafunga kamba kwa nguvu juu ya pale palipoumwa, unaizungusha kwa kijiti mpaka ikaze, unachanja kwa wembe, unanyonya sumu, unatema, unaendelea na safari. Nilisema haya nikiwa nimevaa sare ya kazi, kikombe cha chai mkononi, kwa sauti ile ile ninayotumia wodini.

Nilijua si kweli! Tulipokuwa chuoni mwalimu alitumia somo zima kutukataza mambo hayo, moja baada ya jingine. Nilijua vizuri kabisa.

Hodan aliniangalia kidogo, kisha akaandika. Akanishukuru. Chini ya sehemu hiyo akaweka maneno madogo: imethibitishwa na nesi. Ole wangu.

Toleo jipya lilipotoka nilimaliza shida ya nyoka kwa sekunde ishirini. Nikaingia Garissa na mbuzi kumi na saba. Nikapiga picha ya skrini nikamtumia Bishar, na wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Mwezi haukuisha. Siku moja asubuhi nilikuwa zamu mapokezi ya dharura, nikasikia breki za lori kubwa nje. Bauza ya Bishar. Akashuka, akazunguka upande wa pili, akarudi amembeba Eddo Shamsa mikononi.

Eddo ndivyo tunavyomwita dada wa baba. Eddo Shamsa ana miaka sitini na kitu, anaishi na mbuzi wake nje ya mji, kwenye barabara ya Modogashe, zaidi ya saa moja kwa lori. Ulimi wake unajulikana hadi sokoni. Siku hiyo alikuwa kimya, na hilo lilinitisha kabla sijauona mguu.

Halafu nikauona. Chini ya goti palikuwa na kamba ya katani, imezungushwa mara tatu, na kijiti kimepitishwa ndani kikakazwa. Vile vile Hodan alivyoichora. Mguu ulikuwa umevimba na kuwa na rangi ya bilingani, na juu ya kifundo palikuwa na mikato miwili ya wembe.

Bishar alieleza kwamba alikuwa amempelekea maji, akamkuta ameketi kwenye zizi na alama za meno mguuni. Bishar alikuwa amefanya kila kitu kwa mpangilio wa gemu isipokuwa kunyonya. Eddo alimtisha kwa fimbo, akamwambia mguu unaonyonywa ni wa mbuzi, tena aliyechemshwa.

Daktari wa zamu, mwanamke mtulivu kutoka upande wa Machakos, alituzuia tusikate kamba. Alitaka kwanza maji ya mshipani yawekwe na dawa ya sumu ya nyoka iwe tayari, kwa sababu kama kuna sumu iliyozuiwa pale chini, ukifungua ghafla inaingia mwilini yote kwa pamoja. Wakati mimi natafuta mshipa, alimgeukia Bishar akamuuliza nani alimfundisha kumfunga mtu hivi.

Bishar aliniangalia.

Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayengoja asifiwe, kwa sababu alikuwa amefanya nilivyosema. Nami nikainamisha kichwa nikajifanya natafuta plasta. Aliona. Akamwambia daktari kwamba aliona kwenye simu.

Daktari akamkaripia mbele ya watu wote. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, akasimama pale kichwa chini akipokea karipio langu. Sikutoa neno. Kosa la kwanza lilikuwa la ujinga wa kutaka sifa. Hili la pili ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Kisha daktari akatoa damu kidogo, akaitia kwenye kichupa cha kioo, akanipa kazi ya kukilinda. Kipimo hicho ni rahisi: unakiacha dakika ishirini bila kukitikisa, halafu unakiinamisha. Damu ikitiririka kama maji, sumu imeshaingia. Ikiganda, una nafuu. Nilisimama mbele ya kile kichupa na kusoma kila dua niliyofundishwa madrasa, na nyingine nilizitunga mwenyewe.

Dakika ishirini zilipofika nilikiinamisha. Damu haikusogea. Ilikuwa imeganda.

Ilionekana nyoka hakutia sumu ya maana, labda hakutia kabisa. Eddo alipoambiwa, ndipo alipofungua mdomo, kwa Kiswahili chake, ili daktari asikie vizuri.

"Daktari, nyoka amekwenda zake. Hii kamba ndio iko na shida. Fungua, lakini bole bole."

Tulilegeza kidogo kidogo, tukimwangalia, na damu ya kipimo cha pili nayo ikaganda. Lakini kamba ilikuwa imeshafanya kazi yake. Unyayo ulikuwa na ganzi na vidole havikuinuka. Siku ya pili mikato ya wembe ikatunga usaha. Alilala wodini siku kumi na moja. Nyoka alimhurumia, mimi ndiye niliyemuuma.

Mchana ule ule nilimfuata Bishar kwenye bauza. Nilimwambia kwamba nilitunga, kwamba nilitaka tu kupita Modogashe. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

"Nilidhani unajua," alisema. Basi.

Nilirudi ndani nikamwambia daktari. Akanipeleka kwa mkubwa wetu wa wauguzi, nikapewa barua ya onyo, nayo ilikuwa halali yangu. Na juu ya barua nikapewa kazi: kila Alhamisi asubuhi nisimame mbele ya wagonjwa wanaosubiri foleni niwafundishe la kufanya mtu akiumwa na nyoka.

Jioni nikamwambia Hodan. Hakunitukana. Alifunga laptopu, akakaa, akaifungua tena, akaiondoa gemu kwenye simu za wote walioipokea. Akawaandikia kila mmoja kwamba sehemu ya nyoka ni ya uongo na kwamba kosa ni lake, hakuhakikisha. Lake! Alikuwa amechaguliwa kuionyesha kwenye maonyesho ya vijana hapa mjini wiki mbili baadaye. Akajitoa.

Tangu siku hiyo akaacha kuniuliza chochote. Hata kama nimekula. Tuliishi nyumba moja, tukapishana mlangoni kama wapangaji.

Alhamisi ya kwanza nilisimama mbele ya ile foleni. Nikawaambia wasifunge, wasichanje, wasinyonye. Wamlaze mgonjwa, wamtulize, mguu usitikisike, wamkimbize hospitali. Mzee mmoja mwenye ndevu za hina akauliza mbona nasema kwa uchungu hivyo, kwani niliumwa? Nikaona nisiongeze uongo mwingine. Nikawasimulia yote, mpaka mbuzi kumi na saba. Benchi zima lilicheka, mama mmoja akajifuta machozi kwa shela yake. Lakini nilipowauliza tena la kufanya, walinijibu wote kwa sauti moja. Tangu hapo nasimulia kila Alhamisi.

Aliyebaki ni Eddo. Siku ya nane nilimpelekea maziwa ya ngamia, nikaketi, nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho akinywa taratibu. Nilitegemea fimbo. Akasema anataka kuiona hiyo gemu iliyomfunga.

Hodan akaja na laptopu, akaketi upande wa pili wa kitanda, hakunitazama. Tukamwonyesha Eddo vidole viende wapi. Mama wake wa kwanza alikufa kwa kiu, kwa sababu Eddo alikuwa akimpa maagizo kwa mdomo. Wa pili alivunjika mguu karibu na Wajir. Akalala, na mbuzi wakaanza kupotea mmoja baada ya mwingine. Eddo akaitazama skrini, akamtazama Hodan.

"Majirani wake wako wapi?"

Hodan akasema hakuweka majirani.

Eddo akamuuliza sasa hivi mbuzi wake yeye wako na nani. Akajijibu mwenyewe: wako na Habiba, wa boma la jirani. Na kwa nini Habiba? Kwa sababu Habiba alipojifungua wakati wa ukame, Eddo alichunga wake miezi miwili.

"Mtu akilala, mbuzi hawafi," akasema. "Wanaokufa ni wa mtu asiye na watu. Mama yako huyu amepita maboma yote hayo hajasalimia hata moja. Atapona vipi?"

Hodan akachukua daftari akaanza kuandika. Aliandika muda mrefu, Eddo akimweleza nani huleta maziwa, nani huchota maji, nani huja tu kukaa na mgonjwa asichoke. Mimi nilikuwa nikikunja blanketi lililokwisha kukunjwa. Halafu bila kuinua kichwa, Hodan akauliza:

"Mguu uliokosa damu, ganzi yake huisha baada ya muda gani?"

Swali la kwanza kwa siku nane. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi, zuri, la kinesi, lenye wiki na miezi. Nikalimeza.

"Sijui," nilisema. "Ngoja nimuulize daktari."

Akanitazama, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akaandika kitu. Nilikimbia kwenye korido kama mtu aliyeitwa kupokea zawadi.

Eddo sasa anatembea, kwanza kwa fimbo, siku hizi fimbo ni ya mbuzi tu. Vidole vinainuka vyote isipokuwa kile kidogo, ambacho anasema amekipa jina langu. Na Bishar tunakula pamoja kama zamani, ingawa akiuliza jambo la afya anamuuliza daktari kwanza, kisha mimi, alinganishe. Gemu ya Hodan imerudi ikiwa na majirani, ngumu kuliko mwanzo, na watu hawaachi kuicheza. Ukipita boma bila kusaidia, hakuna anayekuambia kuwa umekosea, mpaka siku utakapoanguka. Katika hii mpya bado sijafika Garissa.

Wewe unayesoma, huenda huna sare. Labda una cheti ukutani, au gari, au umri tu, na watu wakikuuliza hawarudi kuhakikisha. Kusema hujui hakutakuua, mimi nimejaribu. Lakini neno ukishalitoa kwa sauti ya mjuzi, linasafiri bila wewe, na huwezi kujua litafungwa kwenye mguu wa nani.