Miaka Yangu kwenye Mitambo ya Tamasha la Bweni

Siku yangu ya kwanza niliwekwa nikae kando ya jenereta, nihakikishe haizimiki. Nilikuwa fundi umeme wa hoteli huko Kilindoni, na tamasha la muziki wa kielektroniki la kijiji cha Bweni sikulijua. Nilitarajia ngoma na waimbaji. Walipowasha mitambo nikasikia mvumo kama wa nyuki, kisha mkwaruzo mrefu, na ndani ya banda lililozibwa kwa turubai jeusi rangi zikawa zinatembea juu ya shuka lililotundikwa bila kuwa picha ya kitu chochote. Nikanyoosha mkono kuzima jenereta, nikidhani imeharibika. Mkuu wa Ufundi akanishika.

"Bwana Faki, acha! Ndio muziki wenyewe huo."

Mwaka uliofuata nilipelekwa jukwaani, chini ya Msimamizi wa Jukwaa, mtu mkali asiyecheka. Yeye ndiye aliyenifundisha kukunja nyaya kwa kufuata mzunguko wake, zisivunjike ndani. "Ukiupinda waya leo," alikuwa akisema, "kesho utakuaibisha mbele za watu." Baadaye nikahamishiwa kwenye kunasa sauti. Maikrofoni zetu tulizivika manyoya ili upepo usizivumie, na watoto wa Bweni wakaziita paka. Wasanii walizichukua sauti tulizozinasa kijijini, wakazikata na kuzirefusha kwenye kompyuta mpaka zikawa kitu kingine. Mwishowe nikawa Mkuu wa Sauti, na ni katika cheo hicho yalipotokea ninayotaka kuyaeleza.

Msanii mmoja kutoka Dodoma, binti aitwaye Neema, alitaka sauti ya kusuka makuti. Nikampeleka kwa Bi Mwanashehe, mjane aliyesuka makuti ya kuezekea. Tulinasa asubuhi nzima: makuti yakichakarika, na yeye mwenyewe akiguna, akifukuza kuku, akilalamikia goti. Tulipomsikilizisha alicheka. "Kumbe sauti yangu mbaya hivi!"

Asubuhi ya kufungua tamasha ikaja habari kwamba Bi Mwanashehe amefariki. Maziko yalikuwa baada ya Alasiri. Mkurugenzi wa tamasha, mama kutoka Dar es Salaam, aliniuliza tufanyeje na wageni wameshafika.

"Tuzime," nikamwambia. "Leo hapigi mtu."

Akakubali. Wanaume tulikwenda kuzika, wanawake wakakaa msibani. Shida ilikuwa kesho yake, maana kazi ya Neema ndiyo iliyotangazwa kuwa kubwa kuliko zote, na sauti ya marehemu ilijaa humo. Mkurugenzi aliona ipigwe iwe heshima kwa marehemu. Neema alikuwa analia. Mimi nilisema wenye haki ya kuamua ni watoto wake, basi tukaenda.

Marehemu aliacha watoto wawili, Bakari na dada yake mkubwa, Tatu. Tuliwakuta ukumbini. Bakari alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, nikaeleza tuliyoyaendea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yangu jana nimemweka kaburini kwa mikono yangu," akasema. "Leo mumtoe kwenye spika, watu wasimame wamsikilize? Hapana, mzee wangu." Akainuka, akatoka.

Tatu akamwuliza Neema, "Na kuku wamo humo?"

"Wamo, dada."

"Hebu nisikie."

Neema akamvika vipokea sauti masikioni. Alisikiliza ameinamisha kichwa, vidole vikitembea mkekani. Alipovivua alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Kazi yake wasikie," alisema. "Sauti yake tuachieni sisi."

Neema alishinda siku ile akiitoa sauti, kipande baada ya kipande. Kila alipotoa palibaki kimya, na hakupaziba. Watu wa Bweni walioingia bandani usiku ule walisikia makuti yakisukwa, yakinyamaza, yakisukwa tena. Nakala ya sauti yenyewe tulimtilia Tatu kwenye simu, kisha tukafuta zetu zote, kama tulivyomwahidi. Bakari hakuja.

Nilistaafu miaka kadhaa baadaye, masikio yalipoanza kupungua nguvu. Waliniaga kwa chai na maneno mazuri. Nilipokuwa natoka, Bakari alikuwa ananingoja njiani na pikipiki yake.

"Mzee Faki, ile sauti ya mama unayo?"

"Sina. Anayo dada yako."

"Najua anayo." Akachezea ufunguo. "Nilishasema hapana mbele ya watu. Nitamwombaje sasa?"

"Nipakie twende."

Tatu hakumwuliza kitu. Alimpa simu, akarudi jikoni. Bakari aliketi kizingitini akaiweka sikioni. Nikaona mabega yake yakitikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka na machozi yanamtoka.

"Ananigombeza," akasema. "Anasema, Bakari huyu nimemtuma kamba tangu asubuhi, mpaka sasa hajarudi."

Vijana huniuliza kazi ile ilikuwa na maana gani, kunasa michakariko na mivumo. Huwasimulia habari ya Bakari na simu. Siku ile niliondoka pale mlangoni nikaenda kusimama uani, kwa sababu fundi hakuhitajika tena.